Wakili Hakuuliza

Saa 4:10 asubuhi.

Chumba cha nyuma cha karakana ya majokofu. Bosi alitandaza ramani juu ya friji bovu.

"Duka la sonara. Saa saba anafunga, anakwenda kula. Mimi na Fundi tunaingia kwa mlango wa uani. Kasiki, dakika sita. Wakili anatusubiri na gari. Maswali?"

Akamgeukia dereva, tayari anacheka. Wakili hajasoma sheria hata siku moja. Jina alipewa kwa maswali yake. Barabara gani inachimbwa? Shule inatoka saa ngapi? Bosi alimwita mwoga kwa hayo, na miaka minne hakuna aliyekamatwa. Wala hakuna aliyemwambia ahsante.

"Sina swali," Wakili akasema.

"Afadhali. Leo umekua."

Fundi wa makufuli hakucheka. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa yeye akiwa jela. Sasa mkewe siku zimetimia, mama mkwe yuko naye tangu juzi, na Fundi ameapa kuwa huyu wa pili atampakata siku ileile. Swali lilimfika kooni: Wakili, kulikoni? Akaogopa kuchekwa, akalimeza.

Saa 6:50 mchana.

Garini, Wakili hakutazama hata mshale wa mafuta.

"Umekula?" Fundi akajaribu.

"Nimeshiba."

Fundi akajisuta: swali gani hilo jamani. Mtu roho iko juu, anauliza habari za chakula.

Saa 7:04.

Kufuli la uani lilikuwa wazi. Halikuvunjwa. Fundi akabaki na funguo bandia mkononi.

"Bosi, nani kafungua?"

"Bahati hiyo. Ingia, usiniletee uwakili."

Akaingia.

Saa 7:06.

Kasiki wazi, tupu. Askari wanne wamekaa kwenye viti vya wateja kama waliokuja kupima pete. Nje, gari la Wakili liliondoka taratibu, bila haraka yoyote.

Saa 7:15.

Wamekalishwa sakafuni, pingu mikononi.

"Ulijua," Bosi akamfokea Fundi. "Mbona hukusema?"

"Nilihisi. Nilikuogopa wewe."

Simu ya Fundi ikaita. Askari akaichomoa mfukoni mwake, akasoma, "Mama mkwe." Akaikata. Ikaita tena.

"Afande, niulizie swali moja tu."

"Lipi?"

"Wa kike au wa kiume?"

Askari akaizima simu.