Jiwe Lililoogopa Ndimu

Laiti siku ile ningesema hapana! Leo nina miaka tisini na mitatu, naishi peke yangu Kinondoni, na bado naiona ile marumaru nyeupe ikiteremshwa kwenye mkokoteni...

Ndugu wasomaji, ilikuwa zama za Waingereza. Nilikuwa karani, nimesoma hadi sekondari, nimejenga nyumba yangu, na mke wangu Zuhura ana mimba ya kwanza. Kwa bwana mkubwa wangu, Mzungu, niliona jiko lenye meza ya jiwe, watu wanapika wamesimama. Nikasema na mimi lazima niwe nayo!

Mshamu, fundi mwashi kutoka Kilwa, alileta mawe mawili uani. Moja jeusi, gumu, halina mvuto. La pili marumaru, jeupe kama tui. Akakamulia ndimu juu yake. Likatoa povu.

"Umeona, bwana karani? Hili linaogopa ndimu. La sebuleni hili."

Zuhura akacheka. "Basi litaniogopa na mie! Mume wangu, chukua jeusi. Mie samaki bila ndimu sijui kumpika."

Lakini makarani wenzangu wangesemaje wakikuta jiwe kama la kunolea visu? Nikachagua jeupe.

Haikupita wiki. Bakuli la ukwaju likaacha duara juu ya jiwe. Nikasugua kwa majivu, likazidi. Manjano nayo ikaingia, haikutoka. Wenzangu walipokuja kula, mmoja akanitania, "Karani, jiwe lako lina mba!" Wakaangua kicheko. Nilimfokea Zuhura mbele yao, nikapiga marufuku: ndimu, ukwaju na manjano visiguse jiwe langu!

Zuhura aliyatoa mafiga yake matatu akayapanga nje, nyuma ya nyumba, akawa anapikia chini, na tumbo lake lile. Jiwe ndani, mwenye jiko nje! Nilimwona kila siku. Kwa nini sikusema, "Mke wangu, ingia ndani"? Kiburi tu, ndugu zangu...

Masika ikaingia. Nilikuwa kazini jirani alipokuja mbio kuniita. Zuhura alikuwa ameteleza kwenye tope, chungu mikononi. Nikafika, mkunga akanizuia mlangoni. Nilisimama pale nimeshika kofia yangu, nikiizungusha, nikiizungusha... Ningefanya nini? Nilisikia kilio cha mke wangu. Cha mtoto sikukisikia.

Arobaini yake ilipokwisha, mjomba wake akaja kumchukua. Zuhura alifunga nguo zake, na mafiga akayabeba. Nililia, nikaomba, nikasema nitalivunja jiwe siku hiyo hiyo. Akanijibu:

"Liache. Sasa hakuna wa kulichafua."

Baadaye akadai talaka. Niliiandika kwa mwandiko wangu mzuri wa ofisini, juu ya jiwe lile lile, maana nyumba nzima haikuwa na mahali pengine palipo sawa kama pale.

Nyie mnaojenga leo, nawasihi, kabla hamjachagua jiwe la jikoni mwulizeni anayepika, kisha mumsikilize! Mimi sikudanganywa na mtu. Lile povu nililiona kwa macho yangu.

Kwa jiwe moja jeupe nilimpoteza Zuhura, na mwanangu wa kiume, niliyemzika kabla hajapata jina.