Ua la Hereni na Maji ya Uvuguvugu

"Kijiti kimekufa, dada. Fundi bomba anakuja Jumamosi, na anachimba hapo hapo."

"Achimbe kwako."

"Bomba limeziba huko kwako. Maji machafu yananirudia mimi bafuni. Njoo unuse kama unadhani natania."

Aliyesema hivyo ni Mama Pacha, kutoka upande wake wa uzio. Upande wa pili alisimama jirani yake, mshonaji, futi ya kupimia ikining'inia shingoni. Sisi wengine tulikuwa tunaanika nguo zilizokwisha kukauka zamani, ili tusikie vizuri.

Kijiti chenyewe kilikuwa fuksia. Mtaani tunaiita ua la hereni, kwa sababu maua yake mekundu yananing'inia kama hereni. Binti wa mshonaji ndiye aliyeipanda. Baridi ilipoanza, akashikwa na homa ya mapafu. Akafariki. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Tangu hapo mama yake hakumkaribisha mtu ndani. Ukipiga hodi, unapewa nguo yako mlangoni, basi.

Mama Pacha akaenda kumwita Bibi Udongo, anayetunza bustani ya shule. "Njoo umwambie imekufa. Mimi haniamini."

Bibi Udongo akaja na kisu chake. Akakuta fuksia imevishwa sweta la kike, kisha ikafungwa nailoni juu hadi chini. Udongo ulikuwa tope.

"Nani anaimwagia maji hivi?"

"Mimi. Kila asubuhi, maji ya uvuguvugu," mshonaji akasema. "Mwanangu nilichelewa kumpeleka hospitali. Hii sikutaka kuchelewa."

Mama Pacha akatazama chini.

Bibi Udongo akakwaruza gome la tawi. Ndani kukavu, rangi ya kahawia. Akafukua udongo kwa vidole. Upande mmoja mizizi ilikuwa myeusi, inanuka. Upande wa pili kulikuwa na chipukizi jekundu, dogo kama kichwa cha kiberiti.

"Juu imekufa. Chini bado," akasema. "Fuksia hii ni ya kuvumilia baridi. Matawi yakifa, mizizi inalala. Haitaki kuogeshwa. Maji mengi wakati wa baridi yanaozesha mizizi, na nailoni inazuia hewa. Funika udongo tu, kwa majani makavu. Matawi yaache mpaka joto lirudi na machipukizi yatokee, ndipo ukate yaliyokauka."

"Basi itapona."

"Sikudanganyi, mwanangu. Nusu ya mizizi imeoza, na bomba liko chini yake. Ikichimbwa leo, imekwisha. Lakini machipukizi yakiwa marefu kama kidole, tutachukua vipandikizi, tuvioteshe kwingine."

"Lini hiyo?" Mama Pacha akauliza.

"Wiki sita. Labda saba."

"Wiki saba na harufu ile, na watoto wawili." Akashusha pumzi. "Ningekuwa mkorofi kama mnavyonisema, ningekataa."

Na kweli tulikuwa tunamsema. Lakini alimwambia fundi asubiri, na watu wa nyumba yake wakaoga kwa ndoo uani.

Joto likarudi. Bibi Udongo akachagua ncha sita changa zisizo na maua. Akazikata chini kidogo ya kifundo, pale majani yanapotokea. Akaondoa majani ya chini, akaacha ya juu. Akazichomeka kwenye chungu chenye udongo nusu na mchanga nusu, wenye unyevu bila kuwa tope.

"Sasa lete nailoni yako," akamwambia mshonaji. "Hizi hazina mizizi, zitanyauka. Zifunike, ziweke kivulini, na kila siku fungua kidogo zipate hewa."

Kesho yake fundi akachimba. Mizizi ikatoka vipande vipande. Mshonaji alisimama akaangalia mpaka mwisho. Sweta la bintiye alikuwa amelishika mkononi.

Vipandikizi viwili vilioza. Vinne vikatoa mizizi baada ya wiki nne. Vilipokua na kupata nguvu, mshonaji alipanda kimoja kaburini na viwili uani, mbali na bomba. Alivizamisha vidole vinne zaidi ya vilivyokuwa chunguni, kama alivyofundishwa. Udongo ndio blanketi lao. Baridi iliyofuata aliweka majani makavu, akaacha kuvimwagia maji. Maji ya uvuguvugu aliogea mwenyewe. Joto liliporudi, machipukizi yakatoka ardhini, na baadaye hereni za kwanza.

Cha nne alikuwa amekiweka ndani, kwenye kopo. Siku hereni zilipotoka, akamwita Mama Pacha aje akichukue.

Mama Pacha akaja, akasimama mlangoni kama tulivyozoea wote, akanyoosha mikono kupokea.

Mshonaji hakumpa kopo. Aliivua futi shingoni, akaitundika.

"Nimepika kingi," akasema. "Mpaka leo sijajua kupika cha mtu mmoja. Ingia, dada, tule."