Nirudishie Maneno Yangu

Kikohozi ndicho kilichotangulia. Kikavu, cha mwanamume mzima, kisha mtu akasafisha koo taratibu kama anayejiandaa kusema jambo zito. Kilitoka nyuma ya mlango uliofungwa, na mimi nilikuwa sebuleni na mama wa mpenzi wangu, kikombe cha chai mkononi.

"Mama, kumbe kuna mgeni ndani?"

"Hakuna mgeni," alijibu akikoroga chai yake. "Ni mume wangu."

Mume wake alikuwa na miaka mitatu kaburini.

Mlango ukafunguka. Mpenzi wangu akatoka na koti lake jeupe la duka la dawa, bila kunitazama.

"Nimeirudisha mwanzo, Mama. Iko tayari."

Ilikuwa saa tisa mchana, jua limejaa dirishani. Siku kumi alikuwa hapokei simu zangu. Jumatano ndipo ujumbe wake ulipoingia: "Mama anakuita Jumamosi saa tisa. Utakaa na baba mpaka mwisho. Ukitoka kabla hajamaliza, usinipigie tena." Nilidhani nitaonyeshwa picha za marehemu, niinamishe kichwa, nitoe pole, kisha nirudishiwe mchumba wangu.

Kosa lilikuwa langu, ingawa siku hizo kumi sikulikiri. Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma, na jina la Cheche sikulipata kwa sababu ya mashine peke yake. Siku ya kutambulishwa, mjomba wake alisali sala ndefu kabla ya chakula. Alipomaliza tu, nikamjibu kwa beti mbili nilizozitunga palepale, vina na mizani kamili, kwamba sala ni blanketi ambalo tajiri humfunika nalo mfanyakazi ili alale. Mjomba akaacha kula. Mpenzi wangu alisema, "Cheche, mimi nilitaka..." Nikamkatiza kwa ubeti wa tatu.

Mama alinieleza bila kuharakisha. Marehemu alikuwa mpima ardhi. Chumba kile kilipokea watu wa kila imani na kila chama, na sharti lilikuwa moja: kabla hujamjibu mwenzako, mrudishie maneno yake mpaka mwenyewe aseme "ndivyo". Alipougua, wageni wakaisha. Akaanza kuongea na kaseti, akiacha nafasi za mtu kujibu.

"Wachumba wawili wamekwishaingia humo," alisema. "Wa kwanza alitoka mbio kama ameona nyoka. Wa pili alikubali kila kitu."

"Huyo si alifaulu?"

"Huyo nilimfukuza mwenyewe. Mtu anakubaliana na redio?"

Nikaingia, nikafunga mlango. Meza, viti viwili, redio ya kaseti. Nikavuta kiti cha karibu, nikakaa, nikabonyeza. Tak. Mvumo wa kanda. Pumzi.

"Karibu. Siyo hicho, kinayumba. Kaa kile kingine."

Kiti kiliyumba chini yangu. Nilihama nikijiambia kwamba kila mtu hukaa kile cha karibu, na mzee alilijua hilo. Ujanja tu.

"Mimi ninaamini yupo anayetuona," sauti ilisema. "Na kwa sababu hiyo ninaamini kwamba anayeongoza watu bila kuogopa kuonwa atawaumiza, awe anasali au hasali. Sasa nirudishie maneno yangu, halafu nitasikiliza yako."

Kimya.

"Unasema watu waogope jicho la mbinguni," nikasema, "wanyamaze, wakubwa waendelee kula."

Kanda ikavuma. Nilihesabu pumzi zake, nne.

"Hapana. Hapo umetia yako. Rudia."

Nikajituliza: bila shaka kila mtu hukosea mara ya kwanza. Nikarudia, karibu neno kwa neno, lakini meno nimeyakaza: yupo anayetuona, anayeongoza amwogope.

Safari hii kimya kilikuwa kirefu. Kile kiti nilichokiacha kililia, kama kinavyolia kiti mtu akijiegemeza. Sikugeuka.

"Hapana," sauti ilisema, na ilikuwa ya chini, karibu na sikio langu kuliko redio ilivyokuwa. "Wewe una hasira na mtu mwingine. Mimi siye."

Miguu iliniambia toka. Mlango ulikuwa hatua tatu. Nje ya mlango alikuwepo mpenzi wangu, na nikitoka simpati tena. Nikashika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

Nikamwambia. Sijui kwa nini nilimwambia yeye, wakati binti yake sijawahi kumwambia. Baba yangu alianguka kutoka juu ya paa la ghala kwa sababu hapakuwa na kamba ya kujifunga kiunoni. Bosi wake alisali kwenye jeneza mpaka machozi yakamlowesha kola. Kesho yake akampandisha mtu mwingine paa lilelile, na kamba hakununua. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Tangu hapo kila anayefumba macho kusali namwona ana kola iliyolowa.

Kanda ilizunguka. Ilinisubiri.

"Unasema," nikaanza, na sauti yangu ilikuwa ya mtoto, "unasema kama yule bosi angeamini kweli kwamba anaonwa, angenunua kamba."

"Ndivyo. Sasa nakusikiliza."

Nikasema yangu yote. Kwamba simwoni wa juu. Kwamba sisi tunaopanda paa ndio tunaopaswa kuonana, tununue kamba wenyewe, na karakana iwe ya mikono inayoiendesha. Hakunikatiza. Sijawahi kusikilizwa hivyo na mtu aliye hai. Kisha tak, kanda ikaisha.

Nilipotoka, shati limenigandia mgongoni. Mama akauliza swali moja tu.

"Alikuambia 'hapana' mara ngapi?"

"Mbili."

Kijiko chake kikasimama ndani ya kikombe. Mpenzi wangu akaniangalia kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Ipo moja, Cheche. Naisikiliza kila Jumamosi kwa miaka mitatu. Ipo moja tu."

"Ya pili alisemaje?" Mama aliuliza.

Nikawaambia. Mama alijifuta macho kwa ncha ya mtandio, taratibu, kama mtu aliyepata barua.

"Ndivyo alivyoniambia mimi wakati wa uchumba wetu. Nilikuwa na hasira na baba yangu mzazi, namlipizia yeye." Akanitazama. "Sasa wewe unaamini kuna nini mle ndani?"

Zamani ningekuwa na ubeti tayari.

"Sijui, Mama. Siwezi kusema ni mzimu, kwa sababu siamini. Siwezi kusema sikusikia, kwa sababu nilisikia."

"Basi hilo tunaweza kuishi nalo nyumba moja," alisema, akakusanya vikombe na kutuacha.

Nikakaa karibu na mpenzi wangu, si karibu sana.

"Siku ile ulianza kusema, 'mimi nilitaka'. Ulitaka nini?"

Alichezea kifungo cha koti lake.

"Nilitaka ujue kwamba sihitaji usali. Nikisali, naomba usisimame mlangoni ukichezea funguo kama askari anayesubiri mahabusu. Kaa. Hata ukiwa unasoma gazeti, kaa."

"Unasema nisikusumbue."

"Hapana," alisema, na mdomo wake ulikuwa unazuia tabasamu. "Rudia."

Nikafikiri. Chumbani kulikuwa kimya kabisa.

"Unasema ukiwa unaongea na huyo nisiyemwona, nisikuache peke yako."

Machozi yakamtoka kabla ya neno.

"Ndivyo."

Nikamshika mkono, na nikasema kwa sauti ya kutosha kupenya mlango ule, ili asikie yeye na asikie yeyote mwingine aliyekuwa anasikiliza:

"Nakuahidi, sitakujibu tena kabla hujaniambia 'ndivyo'. Hata tukizeeka. Hata nikiwa na ubeti."