Kiganja Kwenye Udongo Mbichi

Hector Lavington alikuwa amelala mbele ya meko, shavu moja sakafuni, vumbi la chokaa limemkaa kwenye kope kama unga. Kisogo chake kilikuwa kimebonyea. Damu ilishaganda kwenye nyufa za mbao.

Inspekta Nesta Garrod alichuchumaa kando ya maiti, akatega sikio. Ndani ya nguzo kulikuwa na kitu kinagonga. Tik-tik-tik. Kimya. Tik-tik-tik.

"Umesikia?"

"Dudu la mbao hilo, afande," alijibu Sajini Pugh, ila alisogea mbali na nguzo. "Bibi yangu alikuwa akilisikia tu, anaanza kusali. Alisema linahesabu pumzi za mtu."

"Basi huyu limeshammalizia hesabu. Daktari anasemaje?"

"Pigo moja la kisogoni, kitu kizito kisicho na makali. Jana jioni. Na kitu chenyewe kile pale."

Nyundo kubwa ya mbao ilikuwa imelala majivuni. Kwenye mpini zilichomwa herufi mbili: L.M.

"Luke Maddox, seremala aliyekuwa akiikarabati nyumba," alisema Pugh. "Jana kakorofishana na marehemu mpaka baa nzima imejua. Kesi imejileta yenyewe mezani, afande, na chai juu."

Nesta aliinuka. Alikuwa anautazama ukuta.

Hiyo nyumba, Thornlow, ndiyo iliyokuwa kongwe kuliko zote pale kijijini Aldenhope. Nguzo zake za mwaloni zilikuwa zimepinda na kuwa nyeusi, kuta zake ni za fito na udongo, na hakukuwa na pembe hata moja iliyokaa sawa. Ukiweka gololi mlangoni ingebingirika yenyewe hadi mekoni, kana kwamba kuna mtu anaiita. Asubuhi hiyo ya Mei ukungu ulikuwa umegandamana na vioo, na ndani mlinuka moshi wa zamani na udongo uliolowa.

Udongo huo ulikuwa pale kando ya meko. Katikati ya ukuta mweupe palikuwa na kiraka cheusi, kibichi, kipana kama dirisha la stoo. Na juu ya kiraka kulikuwa na alama ya kiganja, kidogo, kimedidimizwa kwa nguvu. Ilikuwa kama mtu ameuziba ukuta mdomo usiseme.

"Muuaji gani huyu," alinong'ona Nesta, "anaua mtu, halafu anabaki kukandika ukuta?"

Pugh alinyoosha kidole kukigusa kile kiraka.

"Usiguse, mwanangu! Haujakauka!"

Wote wawili waligeuka. Mlangoni alisimama Bi Dorcas Preece, mtunza nyumba, aliyeikuta maiti alfajiri. Umri wake ulishapita sabini. Aliingia Thornlow akiwa msichana wa kazi, wenye nyumba wakaja na kuondoka, yeye akabaki. Alikuwa amesema yale maneno kama mama anayemzuia mtoto asiguse moto.

"Bi Dorcas, nani kauziba ukuta huu?"

"Sijui mimi, binti." Aliweka sinia la chai juu ya kabati, kisha akaficha mikono chini ya aproni. "Nyumba ya umri huu, mengine hujifanyia yenyewe."

Alisema bila kutabasamu. Ndani ya nguzo dudu likagonga tena. Nesta, ambaye hakuwa mtu wa kuogopa vivuli, alijikuta naye amesogea mbali na nguzo.

Wapigapicha wa polisi walipokipiga picha kile kiganja, aliomba nakala moja ya ukubwa halisi, akaondoka nayo.

Luke Maddox alihojiwa jikoni kwake. Mkewe Bronwen alisimama mlangoni, mkono juu ya tumbo kubwa la kujifungua siku yoyote.

"Nyundo ni yako?"

"Yangu."

"Imefikaje majivuni?"

"Niliiacha kando ya meko jana nilipoondoka kwa hasira. Sikurudi tena."

"Ulimwambia Lavington atakufa."

"Nilimwambia atajuta. Kufa wameongeza walevi."

"Kisa?"

Luke alimtazama mkewe kwanza. "Kiatu. Nilifungua ukuta kando ya meko nikakikuta. Seremala yeyote wa huku atakwambia, ukikuta kiatu ukutani unakirudisha pale pale, kisigino kikielekea dohani, njia ya moshi. Watu wa kale walikiweka ili ubaya ukishuka kwenye dohani unase humo, usimfikie mwenye nyumba. Ukikitoa umeacha mlango wazi."

Pugh aliangua kicheko. "Mtu mzima na ndevu zako, Luke!"

"Wewe unapita chini ya ngazi bila kuogopa mkosi, sajini?"

Pugh alijikohoza, akaangalia dirishani.

"Kiatu kimoja?" aliuliza Nesta.

"Viwili. Kimoja cha ngozi, kikuukuu, kimekuwa kigumu kama gome. Cha pili cha mtoto mchanga. Cheupe, kina kifungo. Hicho hakikuwa cha kale hata kidogo. Lavington alikichangamkia kile cha ngozi, eti atawaonyesha wageni wake wa London. Cha mtoto akasema takataka, kitafaa kuwashia moto."

"Nani mwingine alisikia?"

"Bi Dorcas. Alikuwa anapanga kuni. Aliziacha, akawa anakitazama tu."

Nesta aliweka ile picha mezani. "Weka kiganja chako hapa juu."

Mkono wa Luke uliifunika picha yote, na vidole vikabaki nje. Kwenye picha, kidole cha mwisho kilikuwa kimepinda kuelekea ndani kama ndoana.

"Si chake," alisema Nesta walipotoka.

"Alama ya ukutani si yake, afande. Nyundo ni yake, na hasira ni zake. Mkubwa amepiga simu, anataka mtu kabla ya jua kuzama. Nimchukue?"

Nesta aliitia picha mfukoni. "Mchukue. Lakini usiandike shtaka mpaka nikupigie."

Bronwen alimdaka getini. "Afande, mtamrudisha lini? Mama yangu alishafariki. Niliyenaye ni yeye, na Bi Dorcas aliyeahidi kunishika mkono uchungu ukianza. Mtoto wangu asije akazaliwa baba yake akiwa selo."

Nesta alilifunga geti taratibu. Alirudi Thornlow peke yake.

Maiti ilishaondolewa. Bi Dorcas alikuwa ameketi kwenye kigoda, ameupa uso ule ukuta, mikono ingali chini ya aproni. Chumba kilikuwa kimya kiasi cha kusikia udongo ukinyonya hewa.

"Luke amekamatwa," alisema Nesta.

Mikono ya bibi ikatoka yenyewe, ikaenda mdomoni. Ilikuwa midogo. Kwenye kucha kulikuwa na udongo mweusi ambao maji yalishindwa kuutoa, na kidole cha mwisho cha mkono wa kulia kilikuwa kimepinda kama ndoana.

Nesta hakutoa hata ile picha.

"Nitaufungua ukuta, Bi Dorcas."

"Ngoja ukauke, binti. Nakuomba."

"Ndani kuna nini?"

Dudu la mbao liligonga, likanyamaza. Bibi alipoanza kusema, aliusemesha ukuta.

"Nilimzaa kwenye chumba cha juu hapo, sina mume, nina miaka kumi na saba. Nilimnyonyesha majuma sita. Kisha akaja mama mmoja kavaa glavu, akasema mtoto atapelekwa kwa watu wa maana. Alimshusha ngazi huku mtoto anapiga mateke, kiatu kimoja kikadondoka. Sikuambiwa hata jina walilompa. Nikatoboa ukuta nikakiweka hapo, karibu na kile cha wakongwe. Nikaiambia nyumba: kila kibaya kinachomtafuta, kishike wewe, kisimfikie. Nami nitabaki nikutunze. Basi nimebaki."

"Na Lavington?"

"Nilimbembeleza. Nikamwambia, chukua hicho cha ngozi, niachie hiki kidogo. Akacheka. Akasema, 'Dorcas, wewe mchawi wa hapa nini?' Akainama akitie motoni. Kilikuwa kimeshaanza kushika moto kwenye ncha, binti. Nikaona mwanangu anaungua, popote alipo. Nyundo ilikuwa hapo."

"Kwa nini hukukimbia?"

"Nikimbilie wapi? Nilikuwa nangoja ukuta ukauke. Ukikauka, nikaupaka chokaa, hakuna ambaye angejua pa kuchimba. Ningekuja kituoni kwa miguu yangu." Alifuta uso kwa aproni. "Sikujua mtamshika Luke. Mtoto wa Bronwen ana baba. Msimwondolee."

Nesta alipiga simu kituoni. "Mwachie Luke Maddox. Sasa hivi. Halafu njoo na vifaa."

Pugh ndiye aliyekwangua udongo. Viatu vilikaa bega kwa bega gizani, cha ngozi na cheupe chenye ncha iliyoungua. Nesta alikichukua kile cheupe kwa vidole viwili, akakitia kwenye mfuko wa vielelezo.

"Sasa mwanangu atalindwa na nani?" aliuliza bibi.

"Tutamtafuta. Kesi hii inanipa ruhusa ya kuuliza maswali ambayo wewe ulinyimwa majibu yake."

"Usimwambie kwamba mama yake ni muuaji."

"Atalisikia hilo, Bi Dorcas. Lakini la kwanza nitamwambia ulibaki."

Alimshika bega wakatoka kwenye ukungu. Gari lilikuwa limewashwa, Pugh haonekani. Nesta alipiga honi. Mwishowe sajini akatokea mlangoni, akichechemea kwenye majani yaliyolowa, buti moja mguuni na soksi ya kijivu kwenye mguu wa pili.

"Usiniulize neno, afande," alisema akiingia. "Nina watoto wawili."

Bi Dorcas aliitazama soksi ile hadi gari lilipofika barabarani.

"Huko ukutani, kisigino umekielekeza dohani, mwanangu?"

"Ndiyo, bibi," alisema Pugh, macho yakiwa mbele. "Nimekielekeza dohani."