Ukurasa wa Thelathini na Moja

Toussaint alikutwa amelala kifudifudi chini ya meza yake, saa moja asubuhi, siku moja kabla ya makubaliano ya biashara ya mpakani kutiwa saini. Damu ilikuwa imeshaganda. Aliyemwona kwanza ni Délice, muuza ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, na makamu wa rais wa chama cha wafanyabiashara wadogo wa Kavimvira. Hakupiga kelele. Alifunga mlango, akaketi nje kwenye ngazi, akawapigia polisi simu.

Inspekta Capitoline alifika kwa pikipiki pamoja na msaidizi wake, Firmin. Daktari wa polisi hakuchukua muda. Marehemu, karani wa chama, alipigwa kisogoni mara mbili, jioni iliyotangulia, kwa kitu kizito chenye ukingo mnyoofu. Kitu chenyewe kilikuwa palepale sakafuni: chuma cha kugandamizia muhuri wa chama. Kilikuwa kimefutwa vizuri. Hakikuwa na alama ya kidole hata moja.

Mezani palikuwa na daftari la wanachama. Ukurasa wa 31 ulikuwa umechanwa. Kwenye jalada kulikuwa na mstari wa bluu, kama wa chaki. Capitoline aliukwangua, akautia katika bahasha ya ushahidi.

Chini ya makubaliano hayo, wafanyabiashara wadogo wa pande mbili za mpaka wangepewa kadi na kuvusha bidhaa zao bila ushuru. Tangu Februari Toussaint alikuwa ameandikisha watu 412, kila mmoja na picha yake na alama ya kidole gumba. Jumamosi walisomewa maandishi ya mwisho, na ndani yake mlikuwa na sehemu ambayo hakuna aliyeitarajia: wakuu wa usalama wa pande zote mbili wangebadilishana orodha. Watu walitoka mkutanoni bila kuagana.

Habari za kifo zilipoenea, woga uliingia kila nyumba. Wabadilisha pesa walikunja meza zao mapema. Wanawake waliokuwa wamejipanga mpakani na ndoo zao waligeuka, wakarudi. Kila aliyeulizwa na Firmin alisema jana alikuwa mgonjwa, hakutoka.

Saa tano simu ya Capitoline iliita kutoka namba iliyofichwa. Sauti ya mwanamume, ya upole kabisa, ilimshauri aandike kwamba ni ajali, maana wageni wa Kinshasa na washirika wao wa Ulaya walikwisha kufika. Kisha ikataja jina la shule ya binti yake. Capitoline alikata simu, akamtuma shangazi yake akamchukue mtoto. Walikuwapo watu wasiotaka saini icheleweshwe, hilo alilielewa. Lakini hakuna mtu anayeangukia chuma kwa kisogo mara mbili.

Délice alikumbuka kwamba Jumapili Toussaint alituma nakala ya orodha Bukavu, kwenye ofisi ya mkoa. Firmin akaomba itumwe kwa simu. Capitoline alihesabu majina mara mbili. Yalikuwa 411.

"Mtu mmoja amepungua," alimwambia Délice. "Ni wa ukurasa ule uliochanwa. Ni nani?"

"Miye sijui, Madame."

"Mliandikwa kwa kufuata foleni. Kwenye ukurasa wa 31 weye uko wa nne, wa tano hayumo. Nyuma yako alisimama nani?"

Délice alitazama mlango. "Nikisema, watanipata."

"Akina nani?"

"Sijawajua. Ndiyo maana niko naogopa." Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Clovis. Ule fundi wa nguo."

Capitoline aliondoka akiamini anakwenda kumwonya mtu aliye hatarini. Karani alikuwa amemficha mtu, na sasa karani ameuawa. Bila shaka aliyefichwa ndiye angefuata. Walimkuta Clovis akifunga cherehani yake ndani ya gunia. Juu ya meza ya kukatia kulikuwa na kipande bapa cha chaki ya mafundi, cha bluu. Kando yake, nguo mbichi iliyofuliwa haraka ilikuwa bado na doa la damu.

"Unaenda wapi, Clovis?"

Aliinyoosha mikono yake mbele, akasubiri pingu.

Ofisini Clovis hakumsumbua Capitoline.

"Uliingia kwa Toussaint saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili jioni."

"Ulitaka nini?"

"Afute jina langu."

"Akakujibu nini?"

"Alisema niende nyumbani, nisiogope, mambo iko sawa. Hakunitazama usoni. Miye najua watu wanaosema vile. Ndivyo walivyomwambia kaka yangu Sévère, na hakurudi."

Akaeleza kwamba jina lake la kweli ni Habonimana. Miaka minane iliyopita alivuka mto wa mpakani, Ruzizi, kwa miguu baada ya kuziona sura za waliomchukua kaka yake. Baadhi yao sasa walikuwa na vyeo vya usalama kule ng'ambo. Aliishi Kavimvira kwa jina la bandia, akajiandikisha kwa sababu ya vitambaa vyake tu. Lakini picha na kidole havina jina la bandia. Toussaint alipompa mgongo, yeye aliona mgongo wa mtu aliyekwisha kumuuza. Akapiga, kisha akachana ukurasa wenye jina lake.

Capitoline aliweka nakala mbele yake. "Soma."

Alisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, akafika mwisho, akaanza upya. "Simo," alisema.

"Alikutoa Jumapili, kabla ya kuituma. Kubadilisha orodha ile ni jela. Na nje ya dirisha watu walikuwa wanapita; angekuambiaje?"

Habonimana aliinamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa karatasi, akabaki hivyo.

Kesho yake saa nne, vipaza sauti vilisikika kutoka ukumbini. Wakubwa walikuwa wanasaini. Capitoline alikuwa anamalizia taarifa yake.

"Utaandika jina gani?" mahabusu aliuliza.

Capitoline alijua faili hilo lingeweza kuvuka mpaka. Aliishika kalamu muda mrefu. Kisha akaandika la kweli, kwa sababu mtu alikuwa amekufa.

Barazani Umwiza, mjane wa Toussaint, alisimama alipomwona. Hakuuliza jina. Aliuliza mumewe alimkosea nini mtu yule.

"Hakumkosea kitu, mama," Capitoline alisema. "Alimwokoa. Ila aliogopa kumwambia."