Karai la Oili ya Moto

Ufunguo wa gari ulikuwa umefungwa kwenye pindo la leso ya Mwanatumu, na tabo lenyewe lilikuwa limefunguliwa likalazwa juu ya gunia barazani, gari lilipopiga mruzi.

Mwanatumu alikuwa akianua nguo. Alisimama, kibanio mdomoni. Mruzi ule aliujua. Kila asubuhi mumewe, Swabir, alimpeleka kazini kwa gari hilo hilo, kutoka Milalani mpaka Diani, na kila alipokanyaga mafuta, tabo, kile kikonokono cha chuma kinachosukuma hewa ndani ya injini, lilivuma fyuuu, kisha likatoa pumzi alipoachia. Swabir aliupenda mlio huo kuliko kaswida. Lakini sasa Swabir alikuwa amelala chini ya gari, miguu nje, na injini haikuwa na tabo la kuvuma.

"Baba Nusra, umesikia?"

"Nini?"

"Gari lako limepiga mruzi."

"Upepo huo. Mabomba yako wazi."

Hapakuwa na upepo. Mashuka kambani yalikuwa yamening'inia bila kutikisika. Adhana ya magharibi ilikuwa ndiyo kwanza imeanza.

Hiyo ilikuwa Alhamisi. Jumatatu iliyotangulia Swabir alikuwa amebadilisha oili. Oili haimwagwi ikiwa baridi. Injini huwashwa kwanza, ipate moto, itiririke na uchafu wake. Aliikinga kwenye karai la kufulia, akaliacha karai mlangoni mwa jikoni, akaenda dukani kutafuta chujio. Mwanatumu alirudi saa ile ile, mgongo unamuuma kwa kufua mashuka ya hoteli tangu asubuhi, akamkuta Nusra, mtoto wao wa pekee, wa miaka mitano, amechuchumaa kando ya karai anataka kutia kidole.

Alimnyakua mtoto. Akalishika karai kwa matambara, akalipeleka nyuma ya bafu, chini ya mkilifi ambapo gari huegeshwa, akaimimina oili yote ndani ya shimo lililokuwa kwenye mizizi.

Ukimwaga kitu cha moto uani, na hasa magharibi, hupiga bismillahi, ukawaonya wenyeji wasioonekana wawatoe watoto wao. Mwanatumu mwenyewe alimfundisha Nusra hivyo kabla hajamfundisha kuhesabu. Lakini jioni ile mdomo wake ulikuwa na kazi nyingine. Ulikuwa ukimtukana Swabir.

Shimo lililia. Mlio mwembamba, mfupi. Paka, aliwaza, akaenda kuosha karai.

Siku ya Ijumaa alikuja Kavumbi, kijana wa bara aliyehamia Ukunda, kazi yake kuzipanga upya injini kwa kompyuta.

"Shem, niaje!"

"Mimi si mtu wa niaje. Salimia vizuri."

"Haya basi. Shikamoo, shem."

"Marahaba. Ingawa sasa wanizeesha."

Kavumbi alicheka, akaingia garini na laptopu yake ili afanye matayarisho kabla tabo halijarudishwa. Swabir alikuwa barazani akilisugua tabo kwa brashi na petroli. Punde kicheko kikakatika.

"Boss, ufunguo uko wapi?"

"Anao Mama Nusra."

"Na hakuna waya umeguswa?"

"Hakuna. Kwa nini?"

"Sasa mbona geji inapanda?"

Swabir na Mwanatumu walikwenda kutazama. Mshale wa geji ya presha ulikuwa ukipanda polepole, ukisimama kidogo, ukishuka. Ukipanda tena. Kama kifua cha mtu. Na kutoka mbele ya gari, au chini yake, ulikuja ule mruzi, fyuuu, na kila ulipokuja mshale ulipanda nao, na harufu ya udi na oili iliyoungua ikaingia kupitia matundu ya hewa.

Kavumbi alifunga laptopu yake taratibu, kama mtu anayeondoka kwenye chumba alimolala nyoka. "Boss," alinong'ona, "hii si kazi ya kompyuta. Hii ni ya maombi. Nitakucheki." Hakungoja hata chai.

Kabla pikipiki yake haijafika barabarani, Nusra alipiga ukelele ndani.

Alikuwa kitandani, hapana jiko karibu, hapana mshumaa. Kwenye kifundo cha mguu wake lilikuwa limetoka lengelenge kubwa kama shilingi, limejaa maji, na lilinuka oili.

Hospitalini daktari aliugeuza mguu huku na huku. "Mama, nani amemchoma mtoto?"

"Hakuna aliyemchoma."

"Malengelenge ya moto hayatoki yenyewe, mama."

Daktari akaandika kwenye faili, akaandika tena, mistari mingi kuliko ya ugonjwa wowote aliopata kuandikiwa Nusra. Walipewa mrija wa dawa ya kupaka. Njia nzima ya kurudi Mwanatumu alikuwa akiiona kalamu ile inavyokwenda.

Jumamosi magharibi likatoka la pili, juu ya lile la kwanza. Jumapili la tatu. Jumatatu yalikuwa yamefika gotini. Yalikuwa yakipanda, na kila magharibi, kabla mtoto hajalia, mruzi ulitangulia.

Swabir alikuwa na maelezo yake. Tabo lile halikuwa jipya. Alilitoa kwenye gari lililogongana na lori huko Mackinnon Road. "Aliyekufa mle hataki kitu chake kichezewe," alisema kwa sauti ya chini, na Mwanatumu akaitikia, kwa sababu alitaka sana iwe hivyo.

Wakamwita Maalim Abdulbasit. Kabla ya kushika vitabu vya tiba, maalim alikuwa fundi wa matrekta, na jambo la kwanza alilofanya ni kufungua boneti. Alisoma, akapulizia, akaweka sikio juu ya chuma.

"Gari hili halina kitu," alisema, "ila chujio la hewa lina uchafu. Aibu, kijana, na tabo hilo." Kisha akazunguka uani, polepole, mpaka chini ya mkilifi. Akasimama. Akarudi hatua moja nyuma, uso umebadilika. "Hapa pana mama," alisema. "Mama mwenye mtoto aliyeungua. Nani kati yenu alimwaga kitu cha moto bila kupiga bismillahi?"

Mwanatumu alifungua mdomo. Akaiona kalamu ya daktari. Akamwona mama mkwe, majirani, wenzake wa dobi, wote wakimtazama mwanamke aliyemchoma mtoto wake kwa mikono yake mwenyewe.

"Ni mimi, maalim," alisema Swabir. "Mtu wa oili hapa ni mimi. Nitakuwa nilimwaga nikasahau."

Mwanatumu akafunga mdomo.

Maalim alimwandikia mtoto kombe, aya za zafarani juu ya sahani, zikaoshwa kwa marashi, mtoto akanywa. Swabir alifukiza ubani shimoni, akapiga magoti, mtu mzima, machozi yakimtoka. "Nisameheni, wenyewe. Na tabo nimeliacha. Nalifunga guniani, na mruzi wake nauacha." Alilifunga kweli. Gari ambalo kwa mwaka mzima alilijenga kwa mikono yake kila Jumapili alilirudishia mabomba ya kawaida, na Jumatano asubuhi likawapeleka Diani likikohoa kama mzee.

Jumatano magharibi yalitoka malengelenge mawili kwa pamoja. Yalikuwa pajani.

Swabir alimpigia maalim simu, Mwanatumu akiwa pembeni anasikia. "Aliyeomba radhi siye aliyekosa," sauti ya maalim ilisema. "Mtafuteni aliyekosa. Nayo yakifika kifuani, mwanangu, msinipigie simu tena. Pigieni wachimbaji."

Magharibi ya siku iliyofuata Swabir alikwenda msikitini. Mwanatumu alikaa kitandani, mguu wa Nusra mapajani mwake. Mtoto alikuwa amelia mpaka sauti imekauka. Hapakuwa na la kufanya ila lile ambalo kila mama hufanya bila kufundishwa: aliinama akapuliza juu ya vidonda, fyuuu, taratibu, akavuta pumzi, akapuliza tena, na ilikuwa katika ile pumzi ya tatu au ya nne alipotambua kwamba nje mruzi ulikuwa umeanza, na kwamba ulikwenda sawasawa na pumzi zake yeye, ukipanda alipopuliza na kukatika alipovuta, na alipoacha kupuliza wenyewe haukuacha, uliendelea peke yake kwenye giza linaloingia, mwembamba, wenye subira, uliochoka, uliokwenda hivyo magharibi baada ya magharibi, na haukuwa mruzi wa gari wala wa aliyekufa Mackinnon Road wala haukuwa mruzi kabisa.

Kulikuwa na mtu anapuliza kidonda cha mtoto wake.

Mwanatumu aliuchukua mrija wa dawa. Alimfunika Nusra. Akatoka.

Chini ya mkilifi harufu ilikuwa nzito kiasi cha kuonjeka. Alikaa chini mbele ya shimo ambalo bado lilikuwa jeusi pembezoni.

"Bismillahi," alisema. "Hodi, mama."

Mpulizo ukakoma.

"Ni mimi niliyemwaga. Si mume wangu, yeye alinificha bila kujua. Sikuwaonya. Nilikuwa na hasira, na nilikuwa nimechoka. Nilisikia akilia. Nikajiambia ni paka."

Ikaja sauti, si ya juu wala ya chini, kama mtu anayezungumza karibu na mtoto asije akamwamsha.

"Umechelewa."

"Najua."

"Wako hulala?"

"Kidogo. Ikikaribia alfajiri."

"Wangu halali. Unayo dawa mkononi. Mpake."

Mwanatumu alitia mkono shimoni. Uliingia mpaka kiwiko, kisha mpaka begani, ingawa shimo lile halikuwa na kina hicho, na shavu lake likagusa udongo, na alikuwa akisoma kila aya aliyoijua na akizichanganya, mwanzo wa hii na mwisho wa ile, mpaka vidole vyake vikagusa mguu. Mguu mdogo. Ulikuwa wa moto kama ekzosi ya gari lililozimwa sasa hivi, na ngozi yake ilichambuka chini ya kidole kama karatasi. Ulijivuta. Ukarudi. Aliminya dawa akapaka, kifundo, wayo, vidole, akivihesabu kama mama yeyote anavyohesabu vya mtoto mchanga, na vilikuwa vitatu, na hakuacha kupaka.

"Haya, basi," alijisikia akisema. "Haya, mama. Yamekwisha."

Usiku huo hakikutoka kitu mwilini mwa Nusra.

Swabir aliporudi, Mwanatumu alimweleza yote, kuanzia karai. Aliyatarajia makelele. Swabir alizitazama kucha zake nyeusi.

"Karai nililiacha mimi mlangoni," alisema.

Hawakuliongelea tena.

Mwanatumu alikwenda kupaka siku saba, kila magharibi, na kadiri mguu wa shimoni ulivyopoa, ndivyo malengelenge ya Nusra yalivyonywea. Siku ya tano kitu kilimshika kidole kikakataa kumwachia, kama wanavyofanya watoto. Siku ya sita sauti iliuliza:

"Ile ngoma ya gari lenu. Mmeipeleka wapi?"

"Tabo? Mume wangu amelifunga guniani."

"Mtoto alikuwa akitulizwa nayo kabla hajaungua. Kila asubuhi likiondoka. Sasa analia."

Mwanatumu alimwambia Swabir alirudishe. Swabir alitaka kuuliza, akamtazama usoni, akaenda kuchukua spana.

Siku ya saba shimo lilikuwa baridi. Alitia mkono, akagusa udongo na mizizi, kina cha shubiri moja tu. Alipapasa kila upande. Hapakuwa na mtu. Alirudi ndani, akanawa, akampa Nusra uji, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya kuanua nguo alilala bila kuota.

Asubuhi Swabir aliliwasha gari, likaunguruma vizuri, naye akacheka peke yake kama kijana. Nusra, mguu wake hauna hata kovu, alipanda nyuma ili wamshushe chekechea huko Diani. Alijisogeza mpaka mlangoni. Kisha akauvuta mkanda wa katikati, akaupitisha juu ya kiti kitupu, akaufunga.

Mkanda haukulegea. Ulikaza, ukakaa umetuna kama uliozunguka tumbo dogo, na kiti kikabonyea.

"Mamake ana kazi leo," Nusra alimweleza mama yake, sauti ya kawaida kabisa. "Amesema tukae naye mpaka magharibi. Amesema nyinyi ni jirani."

Swabir alikuwa akitazama barabara, hakusikia. Walipoupita mji wa Gazi na barabara ikanyooka alikanyaga mafuta, tabo likavuma fyuuu, likatoa pumzi, na nyuma kukapasuka kicheko. Cha Nusra. Na chini yake kingine, kikavu, kama karatasi inayochambuliwa.

"Mwanangu amefurahi leo!" Swabir alisema, akitazama kwenye kioo.

Mwanatumu hakugeuka. Kupitia kwenye mgongo wa kiti chake alizisikia nyayo mbili ndogo zikimsukuma, moja ya kawaida, moja bado ina moto. Harufu ya udi ilijaa garini.

"Punguza mwendo, Baba Nusra," alisema. "Umebeba watoto wawili."