Limau Usoni

Kila jioni, Kidoti akishamaliza kuosha vyombo, aliketi kando ya cherehani ya mama yake na kuomba simu. Mama, fundi wa sare za shule, alimpa bila kuinua macho. Siku hizo Kidoti alikuwa na chunusi mashavuni, na kila video aliyofungua ilimletea nyingine ya namna hiyo hiyo: wasichana wenye nyuso zinazong'aa kama kioo.

Mmoja wao alichanganya limau na dawa ya meno. "Paka, lala nayo, amka mrembo!" alisema akicheka.

Kidoti aliituma video hiyo kwa rafiki yake Sauti, naye mwenye chunusi, msichana ambaye hata akinong'ona darasa zima husikia. Kisha akaenda bafuni kujipaka. Uso uliwaka moto! Akanawa mbio mbio. "Nikimwambia Sauti ataniona mshamba," aliwaza, akanyamaza.

Kesho yake Sauti hakufika shuleni. Jioni mama yake Sauti aliingia kwa mama Kidoti akihema.

"Dada, mwanangu kavimba uso, jicho halifunguki. Daktari wa zahanati anamuuliza kapaka nini, yeye kimya! Kidoti, mwanangu, hujui lolote?"

Cherehani ilinyamaza. Kidoti alitaka kusema hajui. Lakini machozi yalimtangulia.

"Ni mimi, mama. Nilimtumia video. Ni limau na dawa ya meno. Nami nilijipaka, nikaungua, sikumwonya."

Mama Sauti hakungoja zaidi. Alimshika Kidoti mkono, wakaenda zahanati. Daktari alipoelezwa, aliosha jicho la Sauti kwa maji mengi, akaweka dawa ya matone.

"Litapona," alisema.

"Yaani uliungua, ukaniacha nami nikaangwe?" Sauti alimuuliza rafiki yake.

"Niliona aibu. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Ila usinichekeshe, mashavu yanauma."

Daktari alivuta kiti, akaketi mbele yao.

"Chunusi katika umri wenu ni jambo la kawaida. Nawa kwa maji na sabuni isiyo kali, usizitumbue, na zikizidi njoo hapa. Yule wa kwenye simu hajui ngozi yako ikoje. Nawe Kidoti, unapomtumia mwenzako kitu, anakuamini wewe, si yule wa kwenye video. Ukishajua kina madhara, mwambie papo hapo, hata kama utachekwa."